Kondoo anarusha mateke ukimnyoa? Vile nilitatua

Huku Molo tuna kondoo wa sufi, Corriedale, na kazi ya kuwanyoa sasa imeniangukia mimi juu mgongo wa guka (babu yangu) umekataa. Shida ilikuwa kondoo hatulii, anarusha mateke, makasi yanaruka na sufi inatoka vipande vipande ambavyo mnunuzi hataki hata kuviona.

Siku hizi nawafungia jioni bila chakula mpaka asubuhi, kwa sababu akiwa ameshiba halafu umkalishe, tumbo linambana, hawezi pumua vizuri, lazima apigane. Lakini chenye kilibadilisha mambo ni kuacha kumlaza chini na kumfunga kamba miguu. Mkalishe kwa makalio, mgongo wake uegemee magoti yako, kwato zote zisiguse chini. Akikosa pa kukanyaga anatulia kabisa, anakaa tu kama mzee kwa kinyozi.

Naanza na tumbo, hiyo sufi naweka kando kwa sababu huwa chafu. Ngozi ivute na mkono wa kushoto ikaze, hasa kwa mikunjo ya shingo na kwapani, hapo ni laini sana na ikilegea makasi yanaenda nayo. Chuchu za jike zifunike na kiganja. Alafu kata karibu na ngozi mara moja, usirudie ulipopita, ndio sufi ibaki ndefu.

Ikinyesha hatunyoi, sufi yenye maji ikifungwa kwa gunia inaoza. Mikono nayo inabaki na mafuta ya sufi, losheni sinunui tena.