Swichi ya Ijumaa Usiku

Mkono wangu umelelewa na LUKU. Nikitoka mahali nazima taa bila kufikiri, maana nyumbani Lushoto aliyesahau aliulizwa na mama kama Tanesco ni ya baba yake. Ndiyo maana Ijumaa ile ya Januari 2019, nikitoka msalani katika ukumbi wa kijiji kimoja cha wakulima huko Arava, kusini mwa Israeli, nilipitisha kidole kwenye swichi ya ukutani nikaenda zangu. Ukumbi mzima ukawa giza.

Nilikuwa huko kujifunza kilimo kwa vitendo: siku tano kuvuna pilipili hoho, siku moja darasani. Wiki ile bosi alipata watu wa kujitolea, vijana kama arobaini wa mekhina. Neno hilo ni Kiebrania, maana yake maandalizi. Wamemaliza sekondari, jeshi limewaruhusu kusubiri mwaka mmoja, wanaishi pamoja, wanapika wenyewe, wanasoma na kubishana. Kisha ndipo wavulana wakatumikie karibu miaka 3 na wasichana 2. Mimi nilipita JKT kwa mujibu wa sheria, na kule kubishana kulikuwa na bei yake, kwa hiyo nilistaajabu. Mekhina ya kwanza ilianza 1988, ya wavulana wa dini. Hizi za mchanganyiko, anayeshika dini na asiyeshika chini ya paa moja, zilianza baada ya Yitzhak Rabin, Waziri Mkuu, kuuawa na Myahudi mwenzake mwaka 1995.

Basi, tuko nao kwenye chakula cha Ijumaa usiku, giza. Imebaki mishumaa miwili na kitaa chekundu cha birika la umeme. Nikasema samahani, nikanyoosha mkono niwashe.

“Ngoja!”

Nikabaki mkono juu kama mtu anayesimamisha daladala.

“Nawasha mimi,” akasema binti mmoja. “Mimi sishiki Sabato.”

“Tulipiga kura,” akajibu kijana mwenye kipa, kile kikofia cha Kiyahudi, kichwani. “Ukumbini tunashika wote.”

“Kura hatukupiga gizani!”

Jirani yangu akaninong’oneza sheria yenyewe. Sabato imeshaingia tangu jua kuzama, na Myahudi anayeishika hawashi wala hazimi taa. Asiye Myahudi akiwasha taa kwa haja yake, Myahudi anaruhusiwa kuutumia mwanga ule. Akiwasha kwa ajili ya Myahudi, hairuhusiwi. Na kumwomba awashe ndiyo kabisa, haifai. Kumbe ndiyo maana watu walikuwa wanasema na hewa: “Pana giza humu, jamani.” “Samaki huyu ana miba, mtu atakabwa.” Walikuwa wananisubiri mimi nipate haja.

“Mie sijamaliza kula,” nikasema kwa sauti, “na siwezi kula nisichokiona.” Nikawasha.

Walishangilia utadhani nimefunga bao. Kijana wa kipa yeye hakushangilia. Akaja hadi mezani kwangu, akauliza kwa upole kama kweli ni kwa ajili ya samaki. Nikamwonyesha sahani. Ulikuwa umebaki mkia, lakini mkia nao ni samaki. Akautazama, akaridhika.

Asubuhi walinikaribisha tena, nikawakuta wamekaa wawili wawili na Mishna, mkusanyo wa sheria wa karibu mwaka 200, sehemu ya Sabato, sura ya 16. Mle mna kisa cha Rabban Gamliel, mwalimu mkubwa wa sheria, aliyefika pwani kwa meli siku ya Sabato. Mtu asiye Myahudi akaweka ngazi ili ashuke, na Rabban Gamliel na wazee wakashukia hapo hapo. Vijana wakabishana saa nzima kama yule mtu aliiweka kwa ajili yake mwenyewe kweli.

“Na alikuwa nani?” akauliza yule binti wa jana. “Mbona hatajwi jina?”

Wote wakageuka kunitazama. Nikanywa chai yangu.

Wakati wa kutoka mkono ukaenda wenyewe ukutani. Ukakuta selotepu, tabaka mbili, juu ya swichi. Kukata na kubandika navyo Sabato havifai. Sikuuliza nani kaibandika.