Chupa za Odumase-Krobo

Mwaka 2016 kazi ilinipeleka Accra, na siku ya mapumziko mwenyeji wangu alinichukua hadi Odumase-Krobo, katika Mkoa wa Mashariki wa Ghana, tukamwone mzee mmoja fundi wa shanga. Nilikuwa nimekwisha kusikia sifa nyingi za shanga za Wakrobo zitengenezwazo kwa chupa kuukuu, na karibu zote zilihusu kuokoa mazingira, kana kwamba mafundi wale waliamka asubuhi moja wakaazimia kusafisha majalala. Uani kwa mzee yule hapakuwa na harufu yoyote ya jalala.

Chupa zilikuwa zimetengwa kwa rangi: za kijani, za kahawia, zisizo na rangi, na kando, ndani ya beseni lililofunikwa, chache za buluu, ambazo mzee alizitunza kuliko zote kwa kuwa ni adimu. Alinieleza kwamba vioo vya chupa tofauti vikichanganywa ovyo, ushanga huweza kupasuka unapopoa, kwa sababu si kila kioo hutanuka na kunywea kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo huzichagua chupa zake kama seremala anavyochagua mbao, na nyingine huzikataa.

Kijana wake alitwanga chupa katika kinu cha chuma, akachekecha unga wake kwa kitambaa. Mzee akaumimina kidogo kidogo katika vishimo vya kalibu ya udongo, iliyokuwa imepakwa udongo mweupe uliokorogwa kwa maji ili kioo kisigande. Kisha akachukua vikonyo vya majani ya muhogo, akavikata vipande vifupi na kusimika kimoja katikati ya kila kishimo. Mimi niliyelelewa Tanga kwa kisamvu nilicheka. Kwetu vikonyo hivyo hutupwa kabla sufuria haijainjikwa jikoni. Pale ndivyo vinavyotoboa ushanga, kwani huteketea motoni wakati unga unaovizunguka unashikana, pakabaki tundu la kupitishia uzi.

Tanuri lilikuwa la udongo wa kichuguu, likiwashwa kwa kuni, na kipimajoto hakikuwepo. Mzee alichungulia mlangoni mara kwa mara, akisoma wekundu wa kalibu tu. Shanga za unga hazina budi kutolewa chembe zikiwa zimeungana bila kuyeyuka zikawa uji. Ndiyo maana hubaki na ule ufifi wake, zisipitishe mwanga. Zile zinazong'aa hutengenezwa kwa vipande vya chupa visivyosagwa, na hazitiwi kikonyo. Kalibu yake ilipotoka, vipande vikiwa vimelainika, mzee alikamata vyuma viwili vyembamba vyenye ncha, kimoja akakidunga katikati ya donge la kijani, kwa kingine akalizungusha ndani ya kishimo hadi likaviringana, akahamia la pili na la tatu kabla halijawa gumu. Sijawahi kuona mikono ya mtu wa umri ule ikienda kasi namna ile. Baadaye wanawake wawili walizisugua kwa mchanga na maji juu ya jiwe, kazi ya kuchosha ambayo wapiga picha, nadhani, huipita.

Tulimalizia soko la Agomanya. Muuzaji, mama wa makamo, hakuniuliza kama nilitaka mkufu au bangili; alichukua uzi akanipima kiuno, jambo ambalo bibi yangu asingeliona geni hata kidogo. Juu ya meza zilikuwepo za unga, za vipande na zilizochorwa maua, ila za kale za familia, ambazo mabinti wa Kikrobo huvishwa katika sherehe ya Dipo wanapoingia utu uzima, alisema wenyewe hawaziuzi. Nilichagua za kijani. Mwenyeji wangu alinikonyeza niombe punguzo, nikalipa bei aliyotaja, maana baada ya kusimama mbele ya lile tanuri sikuwa na uso wa kubishana naye.