Siku moja kati ya zamu na uwanja

Saa 11 alfajiri Dandenong, kitongoji cha Melbourne chenye Waafghani wengi, huwa bado giza ninapopita kumchukua binti wa Kiafghani, mwanasoka, ninayefanya naye kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Jina lake silitaji. Wanasoka wa timu ya taifa ya wanawake ya Afghanistan waliokimbilia Australia baada ya Taliban kuitwaa Kabul Agosti 2021, walipoanza kucheza hapa mwaka 2022 chini ya klabu ya Melbourne Victory, walivaa jezi zenye namba bila majina ili ndugu waliobaki nyumbani wasidhuriwe, nami naifuata tahadhari hiyo.

Saa 12 tunaingia zamu: mimi nawaogesha wazee, yeye anapanga uji na chai kwenye toroli, na asubuhi inapita.

Saa 6 na nusu mchana ni mapumziko, na Kabul ni saa 1 asubuhi, hivyo anampigia simu mdogo wake. Saa kama hiyo mdogo huyo angekuwa anajiandaa kwenda shule, lakini amemaliza darasa la sita na Taliban hawaruhusu msichana kuendelea zaidi ya hapo. Leo ameomba asimuliwe tena habari za Morocco, ambako mwaka 2025 timu ya wanawake wakimbizi wa Kiafghani, iliyoidhinishwa na FIFA mwaka huohuo, ilifungwa na Chad na Tunisia, kisha ikaichapa Libya mabao 7-0. Dada mtu anasimulia bao kwa bao mpaka chakula chake kinapoa, wala simkatizi.

Saa 9 alasiri tunatoka. Yeye anakwenda darasa la Kiingereza, mimi nalala kidogo.

Saa 12 jioni tuko uwanjani, kwenye baridi na manyunyu. Anakwangua udongo wa juzi kwenye viatu kwa mswaki mkuukuu, anajifunga bandeji kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, anakanyaga chini kwa nguvu, anaifungua na kuifunga upya hadi aridhike. Ni beki wa kushoto anayejua kusubiri: hamrukii mshambuliaji, humsukumia pembeni polepole mpaka akose njia, ndipo anapopora mpira na kupanda nao. Inaniuma kuona wageni wakija kumuuliza jinsi alivyotoka Kabul, wasimuulize hata neno moja kuhusu krosi zake. Mimi ni Mkongo niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Huko nako kila mgeni alitaka kujua tulivyokimbia, na ni wachache waliouliza tunaweza kufanya nini. Mchezaji ana haki ya kuhukumiwa kwa mchezo wake, hata kukosolewa, na kocha wake anamkosoa kwelikweli.

Saa 2 na nusu usiku kocha anasoma kikosi cha Jumapili, naye yumo tangu mwanzo.

“Mama mdogo, utakuja?” ananiuliza garini.

Nitakwenda, zamu yangu ya Jumapili nimeshabadilishana na mwenzangu.