Waya wa Breki

Binti yangu amerudi kutoka shuleni na boksi la viatu lililozungushiwa mipira ya kufungia fedha, nalo, kwa maelezo ya mwalimu wake, ni gitaa. Alilikwaruza mara mbili tatu, kisha akauliza, "Baba, mbona linanung'unika tu?" Nikamweleza kwamba mpira hunyumbuka mno na kadibodi ni laini, kwa hiyo sauti hufia humo humo ndani, kinachotakiwa ni waya. Neno hilo liliponitoka nikamkumbuka Mjomba.

Mjomba alikuwa bado akishusha ndizi kwa baiskeli kutoka milima ya Uluguru hadi sokoni Morogoro, na jioni redio yake ikilia gitaa la mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Mimi nilikuwa na dumu la mafuta la lita 5 na ubao wa dirisha bovu kuwa shingo, ila nyuzi sikuwa nazo, kwani mshipi wa kuvulia ulitoa sauti ya mbu. Kila mtoto mtaani kwetu alijua nyuzi nzuri zimo ndani ya waya wa breki. Baiskeli ya Mjomba ilikuwa na breki mbili. Nikachukua ya nyuma.

Waya ule ukiufumua, nyuzi zake hubaki zimejipinda kama springi, hivyo nilizivuta moja moja nikizisugua kwenye mwimo wa mlango mpaka viganja vikawaka moto. Nilifunga tatu kwenye vigingi vya mpera, nikachomeka kipande cha mwanzi chini yake, nikaanza kukaza. Mwanzoni uzi ulitoa mkwaruzo mkavu, dumu likabonyea, mwanzi ukaanguka; nikausogeza karibu na ukingo, mahali ambapo plastiki ni ngumu, nikakaza tena taratibu huku nimefumba jicho moja kwa kuogopa uzi usikatike ukanipiga. Ndipo ukalia. Dumu lilikuwa limeegemea tumbo langu, na ile sauti niliisikia tumboni kabla ya masikioni.

Kesho yake Mjomba alirudi jioni akiikokota baiskeli, goti limechubuka. Hakusema neno. Aliketi, akalichukua gitaa, akabana uzi katikati na kusikiliza kama sauti ya juu inapatana na ile ya chini. Hazikupatana, akausogeza mwanzi kidogo, akajaribu tena. Kisha akapiga kipande cha solo, kifupi tu.

"Mjomba, waya huu umeutoa wapi?" aliniuliza, maana ndivyo tulivyoitana.

"Niliuokota."

Aliutazama uzi kwa muda. "Basi umeokota kitu kizuri," akasema, akanirudishia gitaa. Kesho yake alinunua waya mpya, na mpaka leo sijui kama alijua.

Binti yangu naye ameniuliza waya wangu niliutoa wapi. Nimemjibu kwamba niliuokota, na sasa namwona anaitazama baiskeli yangu iliyoegemezwa mlangoni.