Siku moja maishani mwangu: shairi, ubao na wino

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshakaa mezani, taa nimeiinamisha juu ya ubao. Mimi huchonga picha kwenye mbao na kuzichapa kwenye karatasi, na kwa muda mrefu sasa picha zangu hutoka zikiwa zimeambatana na mashairi. Leo nina mkono wa kumalizia. Ni mkono wa mama aliyesimama kwenye lango la gereza akiwa ameshika shati la mwanawe. Kijana alikamatwa, na mama hajaambiwa yuko wapi. Uso wake sikuuchora. Chini ya mkono utakaa ubeti huu:

Nimekuja na shatile, mlangoni nasimama,
Nalikunja vilevile, alivyopenda daima,
Askari yuko kule, hataki hata kusema,
Nitarudi palepale, hata mkinisukuma.

Ubeti si wangu. Ni wa mshairi ninayefanya naye kazi, na walioiomba karatasi hii ni familia zenye ndugu waliochukuliwa wasirudi. Kabla ya kutunga, alikwenda kuketi nao. Mmoja wa akina mama alimsimulia kwamba mlangoni nguo hukunjuliwa na kukaguliwa, kisha hurushwa mezani, naye hulikunja shati upya kabla ya kuondoka nalo. Mstari wa pili umezaliwa hapo. Hauna neno la kulia wala la kulaani, lakini kila ninapoupitia kwa patasi nahisi uzito wake.

Asubuhi yote mpaka saa mbili ni vifundo vya vidole. Kwenye mchongo wa mbao, ulipokata patabaki peupe, ulipopaacha ndipo patakapokamata wino. Ukishakata, hakuna kurudisha. Kwa hiyo kila mkunjo wa ngozi ni uamuzi: kidole gumba kikibonyeza shati sana, mama ataonekana amejaa hasira, kikilegea, ataonekana amekata tamaa. Huyu hajakata tamaa. Ninaacha weusi mzito kwenye kifundo cha gumba na mistari miwili myembamba tu kwenye kitambaa, basi.

Ninapochonga mikono humkumbuka sana Käthe Kollwitz wa Ujerumani. Karl Liebknecht, kiongozi wa wakomunisti wa Ujerumani, alipouawa Januari 1919, familia yake ilimwomba Kollwitz amchore. Hakuwa mfuasi wa siasa zake. Alijaribu mbinu nyingine za uchapaji, akaziacha, akaishia kwenye mbao. Alichotuachia ni wafanyakazi walioinama juu ya maiti, mkono mmoja mkubwa umewekwa kifuani pa marehemu. Humo hamna bendera wala kaulimbiu, na bado ni moja ya kazi za kisiasa zenye nguvu kuliko zote ninazozijua. Mwaka 1933, Wanazi waliposhika dola, alilazimishwa kujiuzulu kwenye Akademia ya Sanaa ya Prussia. Watawala hao walielewa vizuri kabisa kwamba mkono juu ya kifua ni kauli.

Saa mbili naingia kwenye herufi. Maandishi ya mchongo huchongwa kinyume ili yakichapwa yasomeke sawa, kwa hiyo naandika ubeti kwenye karatasi nyembamba, naigeuza, naunakili ubaoni kwa kaboni, kisha nausoma kwenye kioo kabla ya kugusa patasi. Hii ndiyo sehemu inayonifundisha ushairi kuliko kitabu chochote. Neno lisilo na kazi unalijua haraka, kwa sababu kidole kinauma kwa ajili yake. Ubeti huu hauna hata moja la kufuta.

Saa nne mshairi anaingia, na hata salamu hazijaisha vizuri ananiambia, "Kaka, mstari wa tatu nataka kuubadilisha. Askari ni mtumwa tu. Nataka jina la aliyemtuma."

"Dada yangu, ukimtaja, karatasi hii itakuwa habari yake. Kwa sasa ni habari ya mama."

"Nisipomtaja ataisoma na kuipigia makofi. Ataapa kwamba inamsema mwingine."

Hoja yake ni nzito, na siwezi kuipita juu juu. Fumbo katika ushairi wetu lina heshima yake. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka uliohoji nchi inakwenda wapi, na mashairi aliyoandika kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Humo yumo mamba anayejiona hana mwisho. Jina la mtawala halimo, na msomaji hapati taabu kumjua mamba ni nani. Lakini mwenzangu anajibu kwamba fumbo la namna hiyo lilieleweka kwa sababu kila mtu alijua mshairi yuko wapi na kwa nini. Fumbo linaloning'inia hewani, anasema, ni kichaka cha mwoga kujifichia.

Namkumbusha Osip Mandelstam, mshairi wa Urusi. Novemba 1933 alitunga shairi fupi juu ya Stalin, akawa analisoma kwa marafiki kwa mdomo tu. Kwenye tungo iliyotufikia hakumwita Stalin kwa jina. Alimwita mtu wa milimani wa Kremlin, akataja masharubu na vidole vyake vinene. Hilo lilitosha. Mei 1934 alikamatwa, na Desemba 1938 akafia kwenye kambi ya wafungwa karibu na Vladivostok. Mwenzangu ananitazama, ananiambia, "Umeona sasa? Yeye alimchora mtu. Mimi nimechora mlango."

Kimya kinapita. Kisha yeye mwenyewe, akiwa ameinama juu ya ubao, anaonyesha ukanda wa mbao chini ya ubeti ambao nilikuwa sijauchonga. "Huu ukate wote," anasema. Anataka uwe mweupe, usiandikwe kitu, ili kila familia iandike kwa mkono wake jina la mtu wake na tarehe aliyochukuliwa. Mstari wa tatu ubaki ulivyo. Naona kwamba amepata kitu kilichonishinda mimi asubuhi nzima: karatasi haitamtaja mtawala, lakini itamdai mtu kwa jina, na mtawala hawezi kuipigia makofi karatasi inayomuuliza fulani yuko wapi. Naukata ukanda ule mpaka ubao unakuwa laini.

Saa saba napaka wino. Nautandaza kwenye kioo kwa rola mpaka usikike ukinata, naupitisha ubaoni, nalaza karatasi, nasugua mgongo wake kwa kijiko cha mbao nikizunguka polepole. Nakala ya kwanza gumba limetoka jeusi mno, naongeza mstari mmoja. Ya pili iko sawa. Kuanzia hapo ni kusugua na kuanika kwenye kamba kwa vibanio, hakuna la kusimulia.

Saa tisa alasiri vijana wanaojifunza uchapaji wanafika, na mmoja wao ananiuliza kwa nini nisichore ukutani, mahali pakubwa, watu wote waone. Swali hili nalipenda. Ukuta una nguvu zake, lakini una mwenyewe. Diego Rivera, mchoraji wa Mexico, alichora ukuta wa Rockefeller Center, New York, mwaka 1933, akamweka Lenin ndani yake. Akaambiwa amtoe, akakataa, na Februari 1934 mchoro ukabomolewa. Haukupotea kabisa kwa sababu msaidizi wake, Lucienne Bloch, alikuwa ameupiga picha kwa siri, na Rivera akauchora tena Mexico City mwaka huohuo. Kilichookoa ukuta mkubwa ni vipande vidogo vya karatasi.

Shairi nalo lina namna yake ya kuzidisha nakala. Anna Akhmatova, mshairi wa Urusi, alisimama kwenye foleni za magereza ya Leningrad kwa miezi 17, mwanawe akiwa ndani. Mistari aliyoitunga kutokana na foleni zile aliiandika kwenye kikaratasi, rafiki akaisoma kimya na kuihifadhi kichwani, kisha karatasi ikachomwa palepale. Shairi hilo halikuchapishwa Urusi hadi 1987. Kwa miaka mingi liliishi vichwani mwa watu, na ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema vina na mizani ni pambo la wazee. Mizani ni mpini wa kushikia shairi pale ambapo karatasi ni hatari. Ubeti wetu wa shati, akina mama waliusikia mara chache tu, na wengine tayari wanausema bila kuangalia popote.

Kijana mwingine anauliza kama kazi hizi zina hatari kweli siku hizi au ni historia. Nawasimulia habari za Medu, kundi la wasanii wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni Gaborone, Botswana, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1985. Walikuwamo washairi kama Keorapetse Kgositsile na Mongane Wally Serote, pamoja na wachoraji waliochapa mabango yaliyovushwa mpaka kwa siri. Juni 14, 1985 jeshi la makaburu lilivuka mpaka usiku likaua watu 12, na mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, mchoraji wa kundi hilo. Dola haitumi makomando ng'ambo ya mpaka kwa sababu ya mapambo. Sikuwaambia hivyo ili kuwatisha. Nawataka wajue kabla hawajaamua, na waamue wenyewe. Mmoja aliondoka mapema bila kuaga, na simlaumu.

Saa kumi na mbili jioni wanakuja wawakilishi wa familia. Wanazipitia karatasi zinazoning'inia bila kuzigusa, maana wino wa mafuta haukauki kwa haraka. Mzee mmoja anauliza kama ukanda mweupe unatosha majina mawili. Namjibu, "Unatosha, mzee wangu. Andika herufi ndogo." Tunakubaliana karatasi zisiwekwe saini yangu wala ya mshairi. Yeye alitaka kuweka yake ili asionekane amejificha, lakini familia zikamwomba karatasi ibaki na majina ya waliopotea peke yake, naye akaridhia.

Saa tatu usiku nasafisha rola na kioo. Mshairi bado yupo, anasoma kwa sauti ubeti wa pili alioumaliza jioni hii. Kipande cha mwisho kina mizani tisa badala ya nane, na anakipunguza. Ubao wa pili nimeshaupiga msasa. Safari hii picha itakuwa benchi tupu la kusubiria, na nimemwomba anipe ubeti kesho kabla ya saa nne, kwa sababu familia zinataka kutoka hadharani Ijumaa na wino unahitaji usiku mbili kukauka.