Asilimia 65 ya nini?

Ripoti ya kwanza ilikuwa na kurasa 34. Ilikuwa Oktoba 2021, kiangazi kimekolea, na kesho yake saa tatu asubuhi kulikuwa na kikao cha kupanga ukarabati wa maji katika ofisi moja ya kata huko Bahi. Takwimu za mradi nilizishika mimi. Jioni ile, tukiwa bado ofisini Dodoma mjini, mhandisi wetu alipitisha kidole ukurasa wa 11, penye maneno "asilimia 64.58 ya vituo vinafanya kazi," akaniuliza, "Asilimia 65 ya nini, binti? Na nikishajua, nifanye nini?"

Swali la kwanza lilikuwa na jibu: koki 31 kati ya 48, katika vijiji vitano. Kwa idadi ndogo hivyo, koki moja ikiharibika asilimia inashuka kwa nukta mbili nzima, kwa hiyo zile desimali zilikuwa urembo tu. Tukaandika "koki 31 kati ya 48" na asilimia tukaifuta. Chini yake tukaeleza maana ya "inafanya kazi": imetoa maji ndani ya dakika tano baada ya kufunguliwa, siku ya ziara, mwezi Oktoba. Bila mwezi, mtu atailinganisha na ziara ya Aprili, visima vikiwa vimeshiba mvua, na atadhani kuna mafundi wazembe.

Swali la pili ndilo lililotukesha.

Sera ya maji ya 2002 ilitaka koki moja ihudumie watu 250, kila mtu apate lita 25 kwa siku, na asitembee zaidi ya mita 400. Ripoti ilikuwa imegawanya idadi ya watu kwa koki 31 ikapata watu 214 kwa koki. Yaani hali ni nzuri, twendeni nyumbani! Lakini idadi ile ilitoka sensa ya 2012, ya miaka tisa nyuma. (Sensa ya 2022 ilipotoka, mkoa wa Dodoma ulikuwa umepanda kutoka watu 2,083,588 hadi 3,085,625, kwa hiyo si vijiji vyetu tu vilivyokuwa vimefura.) Tulichukua badala yake madaftari ya watendaji wa vijiji: watu 9,350. Madaftari nayo yana kasoro yake, kwa sababu waliohama hawafutwi haraka, na hilo tuliliandika palepale chini ya jedwali, si kwenye kiambatisho ambacho hakuna anayekifungua. Sasa ikawa watu 302 kwa koki. Imezidi kiwango, ila bado haishtui mtu.

Mhandisi akasema tuvitenganishe vijiji. Vitatu vya karibu na barabara vilikuwa na koki nzima 25 kati ya 27, watu 5,750: sawa na 230 kwa koki. Viwili vya ndani vilikuwa na koki 6 kati ya 21, watu 3,600: koki moja kwa watu 600. Wastani wa 302 haukuwa hali ya kijiji chochote kati ya vile vitano. Kama ukurasa ungekuwa na nafasi ya hesabu moja tu, ningeweka hii.

Bado "watu 600 kwa koki" ni maneno ya ofisini. Diwani hawezi kuiona 600, lakini foleni anaiona. Tukarudi kwenye vipimo vya mtiririko: ndoo ya lita 20, saa ya simu, koki imefunguliwa yote, mara tatu, unachukua kipimo cha katikati. Hapo nikakuta uchafu wangu mwenyewe. Koki ambazo hazikupimwa, kwa kuwa mwenye ufunguo hakuwepo, zilikuwa zimejazwa sifuri. Excel ikikuta kisanduku kitupu inakiruka kwenye wastani, lakini sifuri inaihesabu kama koki iliyokauka. Nilizifuta zote, nikaandika "haikupimwa" kwenye kolamu ya maelezo. Kipimo pia hubadilika na saa: asubuhi tangi likiwa limejaa ndoo hujaa upesi, mchana huchechemea. Tukabaki na vya mchana, sekunde 80 kwa ndoo.

Hesabu iliyofuata ingefanyika hata kwa kijiti mchangani. Watu 600 kwa lita 25 ni lita 15,000, sawa na ndoo 750. Mara sekunde 80, ni saa 16 na dakika 40 bila koki kufungwa, na hapo hujahesabu muda wa kubadilisha ndoo wala ugomvi.

Kurasa 34 zikawa moja. Mstari wa juu kabisa ulikuwa ombi: "Fedha za ukarabati zianzie vijiji viwili vya ndani, zisigawanywe sawa kwa vitano." Chini yake saa 16 na dakika 40, zile koki sita zikiwa zimeorodheshwa, kisha chati moja. Ile ya zamani ilikuwa duara la rangi tisa. Tuliiacha kwa sababu fotokopi ya ofisi ni nyeusi tupu, na kijani na nyekundu vinatoka kijivu kilekile. Badala yake tukachora nguzo tano za kulala, ndefu juu, zinazoanzia sifuri (zikianzia 200 kijiji chenye 230 kinaonekana hakina watu), na mstari mmoja wima kwenye 250. Herufi za ukubwa wa 14, maana wazee hawaji na miwani. Projekta tuliiacha, kwa jua la Bahi na madirisha yasiyo na mapazia, ukuta hauonyeshi kitu.

"Mbukwenyi," diwani wa kata alisalimia, akaketi, akachukua nakala yake na kuisoma kimya mpaka chini. Hakuuliza chochote kuhusu asilimia. Aliazima kalamu kwa mtendaji, akaweka mkasi juu ya moja ya zile koki sita.

"Hii ya shuleni imekufa juzi Jumatano. Hesabuni upya, binti."

Nilihesabu nyuma ya karatasi yangu, wakinisubiri. Koki tano, watu 720 kwa kila moja, ndoo 900.

"Saa 20, mzee."

Akaandika 20 juu ya 16 yangu, akaisogeza ile karatasi kwa mweka hazina.