Komponenti moja, kurasa zote

Wadau wa kupima programu hapa Mbeya, leo nina furaha, acha niiseme.

Mfumo tunaoupima una sehemu ya kuchagua mkoa, wilaya na kata. Ipo kwenye usajili wa mkulima, ipo kwenye malipo, ipo kwenye ripoti. Zamani kila jaribio la Selenium (zana ya kuendesha kivinjari bila mtu kubofya) lilikuwa na mistari yake ya kuibofya. Wabunifu wakigusa kitufe kimoja tu, majaribio kibao yanafeli.

Sasa sehemu hiyo ina klasi yake inayojitegemea, yaani kipande cha msimbo kinachotumika na majaribio yote; ndiyo naiita komponenti. Jaribio linasema chaguaMahali("Mbeya", "Rungwe", "Kiwira"), basi. Utamu wenyewe uko ndani: ukichagua Mbeya, majina ya wilaya yanatoka kwenye seva, na mtandao ukiwa mzito orodha inakaa tupu kwanza. Komponenti inasubiri mpaka Rungwe ionekane ndipo ibofye. Habari ya kulisimamisha jaribio sekunde 5 kwa kubahatisha imekwisha! Pia inapewa elementi mama yake, yaani kisehemu cha ukurasa kinachoibeba, na kutafuta humo humo, kwa hiyo fomu yenye mahali pa kuzaliwa na mahali pa kuishi haiichanganyi.

Martin Fowler, mwandishi maarufu wa mambo ya programu, aliliandika hili mwaka 2013 akieleza "page object", yaani klasi inayobofya ukurasa kwa niaba ya jaribio: usijenge moja kwa kila ukurasa, jenga kwa sehemu muhimu za ukurasa. Uhakiki, yaani kukagua kama matokeo ni sahihi, mimi nauacha kwenye jaribio lenyewe, komponenti ifanye kazi ya mikono tu.

Inayofuata ni kalenda, halafu jedwali la malipo. Aliye Mbeya au Iringa na anataka tuandike pamoja, karibu sana inbox.